Mpishi wa Kambi ya Mwisho

Shemeji yangu ni mpishi. Siku hizi hampikii mtu ila tumbo lake mwenyewe, lakini aliyepika mlimani ujana wake wote na uzee wake nusu hawezi kuitwa kitu kingine. Mji mzima unamwita Chumvi. Wapita njia hudhani ni kwa sababu ya kutia chumvi kwenye maneno, na baada ya yaliyotokea sitawabishia sana, ila jina lenyewe lilitoka jikoni. Kule juu, anasema, baridi na hewa nyepesi vinaua ulimi. Supu ambayo huku chini ingekukausha koo, kule mgeni anainywa na kuuliza kama mpishi amesahau kitu. Basi mkono wake ukazoea hivyo. Akirudi nyumbani akapika, sisi wenye ndimi zetu kamili tulikuwa tunakunywa maji mpaka tunasikia yakicheza tumboni. Dada yangu peke yake ndiye aliyekuwa akimaliza sahani bila neno. Nilimwambia anamdekeza mume, na yeye akanicheka.

Dada ndiye aliyenilea mama alipotutoka, kwa hiyo nikimsema vizuri kupita kiasi mnisamehe. Alikuwa fundi cherehani, lakini si wa magauni. Chumba chao cha mbele kilitazama barabara inayokwenda kwenye lango la mlima, na kilijaa mahema yaliyochanika, mifuko ya kulalia iliyovuja manyoya, na makoti yaliyoharibika zipu. Watu wakamwita Mama Zipu. Ukiingia pale, kwanza unapokewa na harufu ya moshi na jasho la watu usiowajua lililolala ndani ya vitambaa, kisha unyoya mmoja mweupe unakuja taratibu kutua kichwani mwako. Mimi ni msusi, saluni yangu iko mlango wa pili, na nimeshachomoa manyoya ya bata kwenye nywele za wateja waliokuwa wamepita kumsalimia tu.

Akishona, hakuwa anasimamisha mashine kwa ajili ya mtu. Mwenye nyumba akija, wateja wenye haraka wakija, mimi nikija nalia na mambo yangu ya wanaume, mguu uliendelea kukanyaga na majibu yakaja katikati ya kelele. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuusimamisha mguu ule, naye ni Chumvi, tena kwa habari moja tu, habari ya kileleni.

Ilianza ndoa yao ikiwa bado changa. Alikuwa amerudi kutoka safari yake ya kwanza kama mpishi, hata viatu hajavua vizuri, na dada akamuuliza kuko vipi huko juu. Akamweleza. Mawingu yapo chini yako, akasema, yametulia kama povu kwenye beseni la kufulia. Kivuli cha mlima kimelala juu yake, kimechongoka, kinakwenda mpaka macho yanapoishia. Upepo unalia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Mashine ikanyamaza. Dada akamgeukia na kiti chake kizima, akauliza kama ukiwa pale nyumba yetu inaonekana. Chumvi akafikiri kidogo, akasema inaonekana, bati lake linametameta.

Bati hilo ndilo lililozaa kitambaa. Kulikuwa na hema moja jekundu ambalo lilikuwa limechakaa kupita ufundi wake, hata mwenyewe alilikana. Dada akakata kipande kikubwa, akakikunja pindo vizuri kama mtu anayeshona pazia la bibi harusi, na asubuhi ambayo msafara wa mumewe ulitakiwa kufika kileleni, akapanda ngazi na kukitandaza juu ya paa, kila pembe na jiwe lake. Mume aliporudi, kabla hajapewa hata maji ya kunawa, akaulizwa kama amekiona. Akasema amekiona. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Asubuhi ya kilele ikifika, Mama Zipu yuko juu ya ngazi na majirani wanamtania kwamba siku moja mwewe atamchukua. Mara nyingine Chumvi alirudi akasema leo kulifunga, sikuona hata ncha ya kiatu changu, na dada akasikitika kama mtu aliyepigiwa simu akiwa bafuni.

Sikuwahi kujiuliza kitu. Na mimi ni msusi, yaani habari zote za mji huu hupita mikononi mwangu nikiwa nasuka. Wapagazi walioleta mahema walikuwa wakisikia habari za kitambaa na kutabasamu. Baadaye nilikuja kuwauliza kwa nini hawakusema, wakashangaa. Kila mmoja alidhani dada anajua, na kwamba kitambaa ni utani wa mtu na mkewe.

Ombi lake lilikuwa moja, na alilirudia mpaka tukalizoea kama mlio wa ile mashine. Alitaka siku moja Chumvi ampeleke juu. Chumvi alikuwa akijibu kwamba atampeleka, mwaka huu wageni ni wengi, labda mwakani. Mwakani dada akawa na mimba. Mwaka uliofuata mtoto akawa ananyonya. Halafu mtoto akaanza shule, na hivyo hivyo, mpaka yule mtoto akawa mwalimu wa watoto wa wenzake na kupangiwa kazi mji wa mbali. Hakuna aliyeona haraka, kwa sababu mlima hauhami.

Aliyehama ni afya. Miguu ya dada ilianza kuvimba. Akawa anakanyaga mashine kidogo, anapumzika, anakanyaga tena, na mimi nikiwa mlango wa pili niliweza kusikia pumziko likizidi kuwa refu. Daktari akasema moyo umetanuka. Akampa vidonge, akamkataza chumvi, na akamwambia mahali pa juu kama ule mlima wetu asahau kabisa. Tulipotoka pale hakulia kwa ajili ya ugonjwa. Alilia njiani, amenishika mkono katikati ya watu, akisema basi hatafika tena.

Chumvi aliacha kazi ya mlimani mwezi ule ule. Akajifungia jikoni kujifunza kupika upya, anaonja supu isiyo na kitu, anatikisa kichwa, anaongeza ndimu, anaongeza kitunguu, anaonja tena kama mwanafunzi. Tulimtania kwamba nyumba ya Chumvi haina chumvi. Yeye alicheka pamoja nasi, akarudi kwenye sufuria kuonja tena.

Kisha binti yao akajifungua. Tukapanda treni sisi watatu kwenda kumwona mjukuu. Kwa binti kuna kilima nyuma ya shule anayofundisha, chenye kilele kidogo kilichochongoka vizuri, na njia iliyokanyagwa na wanafunzi na watu wanaofuata kuni. Asubuhi ya kwanza dada alifungua dirisha, akakiona, akasimama pale na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Wakati wa kifungua kinywa akauliza, kama vile anauliza bei ya nyanya, kama na ule ni mwiko.

Binti alimpigia simu daktari. Daktari akasema hicho si mlima, akienda polepole na kupumzika kila anapochoka, aende. Dada akamgeukia mumewe.

"Nilitaka kusimama na wewe juu," akamwambia. "Hata kama juu penyewe ni padogo, mimi panatosha. Ninachotaka ni tusimame wote."

Chumvi alisema sawa. Nilimwona anakitazama kikombe chake tu, nikadhani ni woga wa ule moyo. Jioni alipanga mfuko wake kama zamani: jiko dogo la gesi, birika, vikombe vilivyofungwa kwenye taulo visigongane, na biskuti. Binti akabaki na mtoto, sisi tukatoka jua likiwa limeshapanda.

Siku ile ilikuwa nzuri, na ndiyo maana naikumbuka kwa uchungu. Chumvi alitangulia kwa ule mwendo wa watu wa mlimani, mwendo unaoudhi kwa upole wake, na kila aliposikia pumzi ya dada imebadilika alisimama akajifanya anatazama ndege. Dada alikuwa na furaha ya msichana. Alinisema kwa viatu vyangu vya sokoni, akawasalimu watu wote wenye kuni, akawaambia kwamba yule mbele ni mume wake na kwamba huu mlima kwake ni mchezo, ameshafika pakubwa. Watu wale walimtazama Chumvi kwa heshima. Yeye alikuwa anainamisha kichwa.

Karibu na juu pana mahali tambarare penye nyasi, upande mmoja umekingwa na majabali. Kilele kiko pale pale, ukiita kwa sauti unasikika. Chumvi alifika, akatua mfuko. Akazunguka jabali moja bila hata kutafuta, akapiga magoti penye kinga ya upepo, akatoa jiko, akaliwekea kijiwe upande mmoja likae sawa, akawasha, akatenga birika. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Na bila kuinua kichwa akasema, kwa sauti ya adabu ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwao:

"Haya, nyinyi tangulieni. Mkirudi mtakuta chai ya moto."

Mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha. Dada hakucheka.

"Nani atangulie?" akauliza.

Hapo ndipo Chumvi alipoinua kichwa. Nilimwona usoni wakati maneno yake mwenyewe yanamfikia, na sitaki kuuona tena uso wa mtu mzima ukiwa vile. Jiko likawa linavuma peke yake.

Dada hakuwa mjinga. Alilitazama jiko, akayatazama yale magoti, akapatazama mahali palipochaguliwa haraka namna ile.

"Wewe huwa unabaki kambini," akasema.

"Mpishi haachi moto mpaka mgeni wa mwisho arudi," akajibu Chumvi. "Ndiyo kazi yetu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na kitambaa changu?"

Akapunguza moto wa jiko. Nikaanza kumjibia kwa hasira, maana mimi ulimi wangu hauna breki, lakini dada alinibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza pale pale wakamalizana. Alirekebisha shali yake, akaniambia twende, na tukaenda mimi na yeye, huku yule mwanamume amepiga magoti kando ya birika kama mtu aliyesahaulika na wenzake.

Kileleni hapakuwa na maajabu. Pana kinguzo cha saruji cha wapima ardhi, mawe yaliyochorwa majina ya wanafunzi, na vinyesi vya mbuzi. Mawingu yalikuwa juu yetu kama kawaida yake. Upande mmoja unaona mji wa binti, mabati kwa mabati, na nyumba yake ukitafuta unaipata. Dada alitazama pande zote, hakuharakisha upande wowote. Kisha akafungua mkoba wake na kutoa kile kitambaa chekundu. Sikujua kama alikuwa amekibeba. Nilidhani anataka kukiachia upepo, na moyoni nikamwambia fanya hivyo dada yangu, kitupe.

Akakitandika juu ya jiwe pana. Akakilainisha kwa kiganja kama alivyolainisha vitambaa mbele ya sindano. Kilikuwa kirefu kuliko jiwe, ncha yake ikaning'inia upande tuliotokea. Akakaa mwisho mmoja. Nilipotaka kukaa mwisho wa pili akaniambia nitafute jiwe jingine.

"Hapo ni pa shemeji yako," akasema.

Nikamwambia basi nimwite, maana alikuwa pale chini tu.

"Usimwite. Akiitwa atakuja kwa sababu ameitwa."

Tukangoja. Jua likajificha, upepo ukaanza kuuma. Mimi nilikuwa namchungulia, naona mvuke wa birika nyuma ya jabali na mgongo wake, na nikawa namtukana kimoyomoyo kwa kila neno ninalolijua. Dada alikuwa ameweka mikono magotini, anatazama mbele, na kila kokoto iliyoporomoka kwenye ile njia ilimfanya akae wima zaidi. Alikuwa mbuzi. Mara ya pili pia alikuwa mbuzi. Nilimfunika kwa shali yangu juu ya yake. Midomo yake ilipoanza kubadilika rangi nilisema inatosha, nikamwinua kwa nguvu. Alikikunja kitambaa pembe kwa pembe, bila haraka, akakirudisha kwenye mkoba.

Chini tulimkuta Chumvi amesimama na shati tu, meno yanamgongana. Koti lake lilikuwa limefungwa kuzunguka birika.

"Poleni na safari," akasema. "Karibuni chai."

Alimimina, mvuke ukapanda. Dada alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akaongezewa, akanywa tena. Akasema ina joto. Hayo tu ndiyo waliyoambiana. Msije mkadhani walitengana. Kwenye treni alilala begani kwa mumewe njia nzima, na nyumbani alikunywa supu yake ya ndimu kama kawaida. Ila habari ya kileleni haikutajwa tena, na kitambaa kikawa cha kufunikia cherehani. Walikuwa na adabu wale watu, na adabu yao iliniumiza.

Dada hakukaa sana baada ya pale. Alifia wodini asubuhi moja nimemshika mguu, ule mguu wa kukanyagia. Chumvi alikuwa nyumbani akimpikia uji. Alipofika na chupa ya uji ameikumbatia, alikuta shuka limeshapandishwa, na hakujua aiweke wapi ile chupa. Akaishika tu mpaka muuguzi alipompokea.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, alikuja saluni. Ilikuwa mchana, sina mteja, nafua taulo. Akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, mtu mwenye upara, na siku nyingine ningemtania. Siku ile nilikuwa na maneno yangu niliyoyaweka tangu kilimani, nilikuwa nasubiri aanze ili nimmwagie yote.

Akauliza, "Shemeji, huko juu kulikuwaje?"

Maneno yangu yote yakapotea. Alikuwa ameuliza kama dada, kwa kugeuka na kiti kizima.

Nikamweleza. Kinguzo, majina, vinyesi vya mbuzi. Akauliza upepo unaliaje, nikamwambia unalia kama upepo. Akauliza kama nyumba ya binti inaonekana, nikamwambia inaonekana, bati la kijani. Alitikisa kichwa kwa kila jibu, kama anayeonja. Kisha akaniambia ilivyoanza. Wageni wakishuka wanakaa kwenye hema la kulia, wanazungumza mbele ya mpishi kana kwamba hayupo, na yeye akiwagawia supu alikuwa anayasikia yote. Siku ile ya kwanza alimpa dada yale aliyoyasikia. Hakukusudia kusema ni yake.

"Mashine ilisimama, shemeji," akasema. "Nilikuwa sijawahi kumwona ameisimamisha kwa ajili ya mtu. Ningemwambiaje sikufika?"

Nikawa nakunja taulo moja mara mbili mbili.

"Kile kitambaa siku ile nilikiona," akasema tena. "Miaka yote namdanganya nimekiona, na siku ya kukiona kweli ndiyo ile. Kilikuwa kinaning'inia pale juu. Nikajua ananisuta. Nikasema nikipanda sasa nitakwenda kumharibia hata hicho kidogo alichokipata."

Nilimwonea uchungu, na hasira ilikuwa haijaniisha, na sikuweza kumficha. Kama dada alidanganywa umri mzima, basi angalau huyu mmoja aambiwe kweli.

"Hakuwa anakusuta," nikamwambia. "Alikitandika mkae. Yeye alikaa mwisho mmoja, wa pili akauacha wako. Mimi alinifukuza nisikae."

Alikigeukia kioo, akanitazama humo. Akaishika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kusimama, akabaki amekaa.

"Alingoja sana?"

"Alingoja mpaka midomo ikabadilika rangi."

Akawa anayasugua magoti yake taratibu kwa viganja. Nje gari la mizigo lilipita likielekea langoni, na vile vichupa vyangu vya mafuta vikagongana kwenye rafu.

"Chai haikupoa," akasema. "Niliifunika."